Kuba 1962 au Novemba 1983: Ni Mgogoro Upi wa Nyuklia Unaofaa Kusomwa kwa Kina?

Mwalimu wa historia aliyebakiwa na vipindi vinne kabla ya mitihani, mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya tasnifu, na msomaji wa kawaida anayetaka kuelewa jinsi mataifa mawili makubwa yalivyofikia hatua ya kutishiana maangamizi, wote hukutana na swali moja: katika miaka zaidi ya arobaini ya Vita Baridi, ni tukio lipi linalostahili muda wao? Majibu yanayotajwa kwa uzito huwa mawili. La kwanza ni Mgogoro wa Makombora ya Kuba wa Oktoba 1962, ambao karibu kila mtu ameusikia. La pili ni hofu ya mwisho wa mwaka 1983, wakati NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilipofanya mazoezi ya kijeshi yaliyoitwa Able Archer huku Moscow ikiwa imejijengea shaka nzito kwamba huenda ikashambuliwa ghafla. Tukio hili hata watu waliosoma historia kwa miaka mingi hawalifahamu. Nimeyafundisha yote mawili, na katika ulinganisho huu nitasema waziwazi ni lipi ningebaki nalo kama ningelazimika kuacha moja, kwa sababu siamini kwamba yana uzito sawa kwa kila msomaji.

Chanzo: kule kuna uamuzi, huku kuna mrundikano

Kosa la kwanza ambalo wasomaji wa Kuba hufanya ni kuanza kuhesabu tarehe 16 Oktoba 1962, asubuhi ambayo Rais John F. Kennedy alioneshwa picha zilizopigwa siku mbili kabla na ndege ya upelelezi ya U-2, zikionesha maeneo ya kurushia makombora ya Kisovieti karibu na San Cristóbal, magharibi mwa kisiwa. Anayeanza hapo ameshatoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi, kwani Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, ataonekana kama mtu aliyeamka siku moja na kuchokoza jirani aliyekuwa amelala. Aprili 1961, Marekani ilikuwa imewasaidia Wakuba waliokimbilia uhamishoni, wapatao 1,400, kuvamia nchi yao katika Ghuba ya Nguruwe, nao wakashindwa ndani ya siku tatu. Kuanzia Novemba mwaka huohuo, Ikulu ya Marekani iliendesha mpango wa siri wa hujuma dhidi ya serikali ya Fidel Castro. Zaidi ya hapo, makombora 15 ya Kimarekani aina ya Jupiter yalikuwa yamewekwa Uturuki, upande wa pili tu wa Bahari Nyeusi kutoka ardhi ya Kisovieti, na mengine 30 yalikuwa Italia.

Ukiyaweka hayo kando ya uwiano wa silaha wa wakati ule, uamuzi wa Khrushchev wa Mei 1962 unaanza kueleweka, ingawa haugeuki kuwa wa busara. Marekani ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 25,000, Umoja wa Kisovieti ulikuwa na takriban 3,000, na katika makombora ya masafa marefu, ambayo ndiyo yaliyoweza kuvuka bahari, Wasovieti walikuwa na makumi machache tu. Kupeleka makombora ya masafa ya kati umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Florida kulikuwa njia ya mkato ya kuziba pengo hilo na, papo hapo, kumlinda Castro. Wanajeshi wa Kisovieti wapatao 42,000 walisafirishwa kwa siri hadi Kuba, wengi wao wakiwa wamefichwa chini ya sitaha za meli za mizigo. Hata jina la tukio linategemea unasimama wapi: Warusi huliita Mgogoro wa Karibi, Wakuba huliita Mgogoro wa Oktoba, kwao ukiwa mmoja tu katika mfululizo wa mashambulizi, na ni Wamarekani walioyaweka makombora ndani ya jina. Mwalimu anayetaka kuwaonesha wanafunzi jinsi upande mmoja unavyoweza kulipa tukio jina na kuishia kuiteka hadithi nzima hatapata mfano ulio bora kuliko huu.

Chanzo cha hofu ya 1983 hakina mtu mmoja aliyekaa mezani na kusema, “Tupeleke.” Kilikusanyika kidogo kidogo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, Umoja wa Kisovieti ulianza kuweka makombora mapya ya SS-20 yaliyoelekezwa Ulaya Magharibi. Desemba 1979, NATO ilijibu kwa uamuzi wa pande mbili: kuzungumza na Moscow, na mazungumzo yakishindwa, kuweka makombora 108 ya Pershing II katika Ujerumani Magharibi na makombora ya kruzi 464 katika nchi tano za Ulaya. Wiki mbili tu baadaye majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Pershing II ndiyo iliyowakosesha Wasovieti usingizi, kwa kuwa ingefika kwenye shabaha zake ndani ya dakika zisizozidi kumi hivi, na ingawa Marekani ilishikilia kwamba kombora hilo halina uwezo wa kufika Moscow, majenerali wa Kisovieti hawakuamini. Kwao, dakika kumi zilimaanisha kwamba uongozi mzima ungeweza kufa kabla ya kuamshwa.

Hapa ndipo kumbukumbu ilipoingia kazini. Viongozi waliokuwa madarakani Moscow walikuwa vijana tarehe 22 Juni 1941, Ujerumani ya Hitler ilipoivamia nchi yao wakati Stalin akipuuza onyo baada ya onyo. Wahenga wamesema aliyeumwa na nyoka akiona ung’ong’o hushtuka, na kizazi hicho cha viongozi kilikuwa kimeumwa vibaya kuliko karibu kizazi kingine chochote cha Ulaya. Mei 1981, Yuri Andropov, wakati huo mkuu wa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, aliagiza operesheni iliyoitwa RYAN, ambayo lengo lake lilikuwa kukusanya dalili zozote kwamba nchi za Magharibi zinajiandaa kushambulia kwanza. Wapelelezi waliokuwa London waliamriwa kuhesabu madirisha yenye taa usiku katika majengo ya Wizara ya Ulinzi na kufuatilia idadi ya magari yaliyoegeshwa nje. Waliamriwa pia kufuatilia bei ya damu inayonunuliwa kutoka kwa watoaji, ilhali Uingereza watu hutoa damu bure. Oleg Gordievsky, afisa wa KGB jijini London ambaye kwa siri aliwafanyia kazi Waingereza, alieleza baadaye kwamba wenzake wengi hawakuamini kwamba vita vinakuja, lakini waliandika ripoti zilizotakiwa kwa sababu ziliagizwa. Nao waliopokea ripoti hizo Moscow walizisoma kama uthibitisho wa hofu yao wenyewe. Sijaona mfano mwingine unaoeleza kwa uwazi kiasi hiki jinsi taasisi inavyoweza kujitisha kwa karatasi zake yenyewe.

Kisha ukaja mwaka wenyewe. Machi 8, 1983, Rais Ronald Reagan aliuita Umoja wa Kisovieti himaya ya uovu, na siku kumi na tano baadaye akatangaza mpango wa kinga ya makombora angani, mpango ambao Moscow iliutafsiri kama ngao ya mtu anayetaka kupiga bila kupigwa. Septemba 1, ndege ya kivita ya Kisovieti iliiangusha ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyokuwa imepotea njia na kuingia anga ya Kisovieti, na watu wote 269 waliokuwamo wakafa.

Kwa hiyo, katika kipengele cha chanzo peke yake, ulinganisho wangu ni huu: Kuba inafundisha vizuri jinsi kiongozi mmoja anavyopiga hesabu ya hatari na kukosea, wakati 1983 inafundisha jinsi nchi mbili zinavyoweza kusogea ukingoni bila yeyote kuamua kusogea. Anayependezwa na tabia za viongozi achague ya kwanza. Anayetaka kuelewa mbio za silaha zenyewe, yaani namna kinga ya huyu inavyokuwa tishio kwa yule, atapata chakula kingi zaidi katika ya pili.

Hatari yenyewe, kwa karibu

Mtu anayependa simulizi yenye mwanzo, kilele na mwisho atavutwa na Kuba, na siwezi kumlaumu. Oktoba 22 Kennedy alilihutubia taifa kwa televisheni na kutangaza zuio la majini, ambalo aliliita karantini kwa kuwa zuio kamili ni tendo la vita katika sheria za kimataifa. Oktoba 24 zuio lilianza, na vikosi vya Marekani vyenye ndege na makombora ya nyuklia vikapandishwa hadi kiwango cha tahadhari kilicho hatua moja tu chini ya vita. Oktoba 25, katika Baraza la Usalama, balozi wa Marekani Adlai Stevenson alionesha picha za makombora mbele ya balozi wa Kisovieti Valerian Zorin na dunia nzima. Siku hiyohiyo, katika jengo hilohilo la Umoja wa Mataifa, Uganda ilipokewa kuwa mwanachama, ikiwa na umri wa siku kumi na sita tangu ipate uhuru. Huwa ninasimama hapa kidogo darasani, kwa sababu wanafunzi hufikiri kwamba Oktoba ile ilikuwa ya watu wengine, kumbe nchi jirani ilikaa kwenye kiti chake kipya siku ambayo haikujulikana kama viti hivyo vingedumu hadi mwisho wa wiki.

Lakini nikiulizwa siku moja ya kuisoma kwa saa nzima, ninataja Jumamosi, Oktoba 27. Asubuhi hiyo kombora la kutungulia ndege la Kisovieti liliiangusha U-2 mashariki mwa Kuba na kumuua rubani wake, Meja Rudolf Anderson, bila Khrushchev kutoa amri. Karibu wakati uleule, U-2 nyingine iliyokuwa kwenye kazi ya kawaida karibu na Ncha ya Kaskazini ilipotea na kuingia anga ya Kisovieti juu ya Chukotka. Ndege za kivita za Kisovieti ziliruka kuifuata, na ndege za Marekani zilizoruka kutoka Alaska kwenda kuilinda zilikuwa zimebeba makombora yenye vichwa vya nyuklia. Na katika bahari iliyo kaskazini-mashariki mwa Kuba, nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa imezingirwa na meli za Marekani zilizokuwa zikidondosha mabomu madogo ya kuilazimisha ijitokeze juu.

Ndani ya nyambizi hiyo betri zilikuwa zinaisha, hewa ilikuwa imechafuka, na joto lilikuwa limepita nyuzi 45, kiasi cha mabaharia kuanguka mmoja mmoja. Hakukuwa na mawasiliano na Moscow. Kwa masimulizi ya waliokuwamo, nahodha Valentin Savitsky, aliyechoka na kuamini kwamba huenda vita vimeshaanza huko juu, aliamuru torpido yenye kichwa cha nyuklia iandaliwe. Vasily Arkhipov, mnadhimu mkuu wa kikosi cha nyambizi hizo ambaye kwa bahati alikuwa safarini ndani ya chombo hicho, hakukubali, na nyambizi ikapanda juu. Wamarekani hawakujua kwamba torpido ya namna hiyo ilikuwapo. Hawakujua pia kwamba kisiwani kulikuwa na vichwa vya nyuklia vya masafa mafupi vipatavyo mia moja, vilivyokusudiwa kutumika dhidi ya jeshi lolote ambalo lingeshuka ufukweni. Robert McNamara, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, alisikia undani wa jambo hilo katika mkutano wa Havana mwaka 1992, miaka thelathini baada ya washauri kadhaa wa rais kupendekeza uvamizi.

Mwaka 1983 hauna siku kama hiyo mbele ya macho ya watu. Una chumba kimoja usiku wa manane. Septemba 26, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha Serpukhov-15, kusini mwa Moscow, king’ora kilipolia na maandishi mekundu yakawaka kwenye ubao yakisema kwamba kombora limerushwa kutoka Marekani. Kisha likaonekana la pili, la tatu, la nne na la tano. Petrov alikuwa ameshika simu mkono mmoja na kipaza sauti cha ndani mkono mwingine, na watu chini yake walikuwa wameinuka vitini wakimtazama. Mfumo ulisema uhakika wake ni wa juu kabisa. Yeye alijiuliza kwa nini mtu anayeanzisha vita vya nyuklia arushe makombora matano badala ya mamia, akakumbuka kwamba mfumo wa setilaiti ulikuwa mpya, akaripoti kwa wakubwa wake kwamba ni king’ora cha uongo, halafu akasubiri zipite dakika ambazo zingeonesha kama amekosea. Ilikuja kubainika kwamba mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ya juu ndio uliozihadaa setilaiti.

Wiki sita baadaye, kati ya Novemba 7 na 11, makao makuu ya NATO huko Ulaya yalifanya Able Archer, mazoezi ya kila mwaka ya taratibu za kuomba na kutoa idhini ya kutumia silaha za nyuklia. Mwaka ule yalitumia mfumo mpya wa ujumbe wa siri na yalifika hadi hatua ya kuigiza shambulio lenyewe. Wasovieti waliweka katika tahadhari ndege zenye uwezo wa kubeba silaha za nyuklia zilizokuwa Ujerumani Mashariki na Poland. Jenerali Leonard Perroots, mkuu wa ujasusi wa jeshi la anga la Marekani barani Ulaya, aliziona dalili hizo, akashauri Wamarekani wasipandishe tahadhari yao kujibu. Taarifa ya siri iliyoandikwa kwa ajili ya rais wa Marekani mwaka 1990, na ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2015, ilisema uamuzi huo ulikuwa wa bahati njema ingawa haukutokana na taarifa kamili. Petrov aliitilia shaka mashine na Perroots akajizuia kujibu. Hakuna kati yao aliyekuwa rais au katibu mkuu wa chama. Andropov, aliyekuwa amekwishapanda kuwa kiongozi wa nchi, alikuwa mgonjwa hospitalini, na Reagan hakujua chochote.

Tofauti hii ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha ulinganisho mzima. Mwaka 1962 pande zote mbili zilijua kwamba ziko hatarini, na kujua huko kuliwafanya viongozi wapunguze mwendo. Mwaka 1983 upande mmoja ulikuwa na hofu na upande mwingine ulidhani unafanya kazi ya kawaida ya ofisi.

Ushahidi: hapa Kuba inashinda

Sitaki kuficha udhaifu wa chaguo ninaloelekea. Mwanafunzi wa Kuba ana hazina kubwa mno. Kennedy alikuwa ameweka mitambo ya kurekodi kwa siri katika vyumba vya Ikulu, kwa hiyo mijadala ya washauri wake inaweza kusikilizwa neno kwa neno, pamoja na majenerali wakimsukuma apige mabomu naye akiwauliza kitakachofuata. Kuna barua kati yake na Khrushchev, ikiwemo ile ya Oktoba 26 ambayo Khrushchev alilinganisha hali yao na kamba yenye fundo la vita, ambayo kila mmoja akivuta upande wake fundo litakaza hadi libaki la kukatwa tu. Kuna kumbukumbu za Kisovieti zilizofunguliwa miaka ya 1990, na kuna mikutano iliyowakutanisha Wamarekani, Warusi na Wakuba waliohusika wakiwa hai.

Ushahidi wa 1983 ni haba na una mabishano makali. Wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba dunia ilikaribia kuangamia, na wapo wanaosema uongozi wa juu wa Moscow haukuwahi kuamini kwamba shambulio linakuja Novemba ile, na kwamba tahadhari ya jeshi ilikuwa ya kadiri. Mimi nimeegemea katikati: hofu ya Kisovieti ya miaka ile ilikuwa ya kweli, lakini siwezi kusema kwamba kidole kilifika kwenye kitufe. Mwanafunzi asiyevumilia mashaka, au mwalimu ambaye darasa lake halijazoea kupima ushahidi unaopingana, atachoka mapema. Kwa upande mwingine, mwanafunzi wa chuo anayetaka hoja ya kuijadili badala ya hadithi ya kuisimulia upya atashukuru kwa mashaka hayohayo.

Matokeo

Mgogoro wa Kuba uliisha kwa mapatano ambayo nusu yake ilifichwa. Hadharani, Khrushchev alikubali Oktoba 28 kuondoa makombora, na Kennedy akaahidi kutoivamia Kuba. Faraghani, Robert Kennedy, ndugu wa rais, alikuwa amemwambia balozi wa Kisovieti Anatoly Dobrynin usiku wa Oktoba 27 kwamba makombora ya Jupiter ya Uturuki nayo yangeondolewa, mradi jambo hilo lisitangazwe. Kufikia Aprili 1963 yalikuwa yameondoka. Naona usiri huo ulileta madhara ya muda mrefu kuliko inavyosemwa, kwa sababu vizazi vya wanasiasa wa Marekani vilijifunza kwamba Wasovieti walirudi nyuma kwa kuoneshwa nguvu tu, ilhali kilichofanyika ni biashara ya nipe nikupe. Khrushchev, aliyeonekana nyumbani kuwa ameaibika, aliondolewa madarakani Oktoba 1964, na nchi yake ikaanza kujenga makombora ya masafa marefu kwa kasi ili isije ikawekwa tena katika unyonge ule. Castro, ambaye hakuulizwa lolote katika mapatano yaliyohusu nchi yake, alikasirika sana, na nadhani kila nchi ndogo iliyowahi kuwa uwanja wa wakubwa itaielewa hasira yake.

Matokeo mema yalikuwa ya haraka. Wakati wa mgogoro, telegramu za Dobrynin kwenda Moscow zilichukuliwa ubalozini na kijana wa kampuni ya telegrafu aliyekuja kwa baiskeli, na balozi huyo alisimulia baadaye jinsi walivyobaki wakimwombea asipitie kwingine njiani. Mawasiliano ya namna hiyo hayakufaa kwa nchi zenye makombora. Juni 1963 yakafikiwa makubaliano ya kuweka njia ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow, nayo haikuwa simu nyekundu kama wengi wanavyodhani bali mashine za kuchapa maandishi, kwa hoja kwamba maneno yaliyoandikwa huacha nafasi ya kufikiri na kutafsiri kwa uangalifu. Agosti mwaka huo ulisainiwa mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, majini na katika anga za juu, na mwaka 1968 ukafuata mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo.

Baada ya 1983 mambo yalianza kwa kuharibika zaidi: Novemba 23, makombora ya kwanza ya Pershing yalipokuwa yanawasili, wajumbe wa Kisovieti waliondoka kwenye mazungumzo ya Geneva. Lakini Reagan alikuwa ameanza kusikia kutoka kwa Waingereza yale ambayo Gordievsky alikuwa anayasema. Katika shajara yake ya Novemba 18 aliandika juu ya haja ya kuwahakikishia Wasovieti kwamba hakuna anayekusudia kuwashambulia, na katika hotuba ya Januari 16, 1984, lugha yake ilikuwa imebadilika. Novemba 1985, yeye na Mikhail Gorbachev, kiongozi mpya wa Kisovieti, walitamka pamoja huko Geneva kwamba hakuna anayeweza kushinda vita vya nyuklia na kwamba kamwe havipaswi kupiganwa. Desemba 8, 1987 walisaini mkataba wa kuyafuta kabisa makombora ya masafa ya kati, na ilipofika 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameteketezwa, zikiwemo SS-20 na Pershing zilizoanzisha hofu yote. Si haki kuyaweka hayo yote kwenye mgongo wa Able Archer; Gorbachev mwenyewe, uchumi uliochoka na ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986 vilichangia pakubwa. Hata hivyo, mkataba wa 1963 uliyahamishia majaribio chini ya ardhi tu, wakati ule wa 1987 uliangamiza silaha zenyewe, na tofauti hiyo si ndogo. Marekani ilijitoa rasmi katika mkataba huo wa 1987 mnamo Agosti 2019, kwa madai kwamba Urusi imeukiuka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hofu ya 1983 ina jambo moja ambalo Kuba haina. Mei 22, 1984, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko la pamoja na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Miguel de la Madrid wa Meksiko, Raúl Alfonsín wa Argentina na Andreas Papandreou wa Ugiriki, wakizitaka nchi zenye silaha za nyuklia zisimamishe majaribio, utengenezaji na uwekaji wake. Januari 1985 walikutana New Delhi, Rajiv Gandhi akiwa ameshika nafasi ya mama yake aliyeuawa. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi zisizo na bomu hata moja zina haki ya kusema, na ilikuwa na msingi wa kisayansi: Desemba 1983, wanasayansi wa Marekani walikuwa wamechapisha makadirio kwamba moshi wa miji inayoungua ungeziba jua na kushusha joto katika sehemu kubwa ya dunia, hivyo mazao yangekufa hata katika nchi ambazo hakuna bomu lililoangukia. Mkulima wa Njombe au wa Kitale angekufa kwa njaa ya vita ambavyo asingeusikia hata mlio wake. Mwanafunzi anayeuliza, “Sisi tunahusikaje?” hupata jibu lake hapo.

Basi, uchague upi?

Kwa wanafunzi wa sekondari wanaokutana na suala hili kwa mara ya kwanza, chagua Kuba. Ina tarehe zilizo wazi na wahusika wanaoshikika akilini, na ushahidi wake unaweza kusikilizwa kwa sauti za watu wenyewe. Ila anza na Uturuki na Ghuba ya Nguruwe, wala usianze na zile picha. Na kipindi kizima kimoja kitumie kwa Oktoba 27. Kwa klabu ya mdahalo pia ningeshauri Kuba, kwa kuwa swali la kama Kennedy alifanya vyema kuficha mapatano ya Uturuki linagawa ukumbi mara moja.

Kwa msomaji mzima mwenye nafasi ya kusoma kitu kimoja, na kwa mwanafunzi wa chuo anayetaka kuandika juu ya hatari ilivyo katika zama ambazo kompyuta na setilaiti ndizo zinazotoa onyo la kwanza, ningechagua 1983 bila kusita, pamoja na upungufu wote wa ushahidi wake. Mwaka 1962 hofu ilizunguka na televisheni na barua za viongozi, na watu walikuwa na siku kumi na tatu. Petrov alikuwa na dakika chache na mashine iliyokuwa na uhakika. Silaha zilizopo leo, takriban vichwa 12,000 duniani kote ambavyo vingi viko mikononi mwa Urusi na Marekani, zinafanana zaidi na dunia ya chumba kile cha Serpukhov-15 kuliko na ile ya kijana wa baiskeli. Anayechagua njia hii aanze na usiku wa Septemba 26, kisha arudi nyuma kwenye RYAN ili aone kwa nini king’ora kile kililia katika nchi iliyokuwa tayari kukiamini, na mwisho ndipo aende Novemba, akiwa na maoni ya pande zote mbili za wanahistoria mezani. Akifuata tarehe kuanzia 1979 kwenda mbele, atajikuta amezama katika idadi za makombora kabla hajakutana na mtu hata mmoja.